Naomba ushauri: kufuma masweta au kufuga kuku wa nyama nikiwa nalea watoto wadogo (Uyole, Mbeya)

Mama wa Uyole

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka mitatu na mdogo ana miezi saba. Kabla ya kujifungua huyu wa pili nilikuwa nauza nguo za mtumba Mwanjelwa, lakini kwa sasa siwezi kushinda sokoni na mtoto mgongoni katika baridi hii, na uwezo wa kumlipa dada wa kazi sina. Nina akiba ya shilingi 300,000. Nafikiria kuleta vifaranga wa nyama katika chumba cha uani, au kufuma masweta, kazi niliyofundishwa na mama yangu mkubwa kule Tukuyu. Jirani ananishauri nichukue mkopo nifanye yote mawili kwa pamoja. Naomba mawazo ya waliopita njia hii, kwa sababu fedha hii ikipotea sina nyingine.

Mfugaji Iringa

Dada, hongera kwa malezi. Kuku wa nyama huuzwa kati ya wiki ya nne na ya sita, na hicho ndicho kinachowavutia wengi. Hata hivyo, kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unalipunguza kama nyuzi tatu kila wiki, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai maana yake ni kuamka usiku kucha kuangalia moto, wakati wewe tayari unaamka kunyonyesha. Moto ukizimika alfajiri, utawakuta wamelundikana kona moja, wa chini wamekufa kwa kukosa hewa. Tena jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo chumba kiwe na matundu ya hewa na asilale mtu humo, hasa mtoto. Zipo pia chanjo za magonjwa ya kuku zenye siku zake: ya kideri siku ya 7, ya gumboro siku ya 14, na kideri tena siku ya 21. Na huyo wa miezi saba anakaribia kutambaa. Kila anachokiokota kinaingia mdomoni, na kinyesi cha kuku kina vimelea vya kuharisha. Mimi kuku wananilisha, lakini kwa hali yako ya sasa nasema subiri.

Fundi Sweta Makambako

Naungana na mfugaji. Kazi ya mama anayenyonyesha naipima kwa jambo moja: ukiiacha ghafla mtoto akilia, je, inaharibika? Maandazi yaliyo kwenye mafuta yataungua, lakini sweta utalikuta pale ulipoliacha. Chomeka kipande cha raba kwenye ncha ya sindano ili vishono visichomoke, andika kwenye daftari mstari uliofikia, kisha weka kikapu juu ambako mkubwa hafiki, kwa kuwa sindano za kufumia si za kuchezea.

Anza na masweta ya watoto wachanga, kofia na soksi, kwani hutumia uzi kidogo, huisha haraka, na huku kwetu nyanda za juu mtoto haendi kliniki bila sweta. Masweta ya shule ndiyo yenye fedha, ila yana msimu wake: shule hufunguliwa Januari na Julai, hivyo oda zitafute mwezi mmoja au miwili kabla, na usifume bila kupokea angalau nusu ya malipo. Uzi wa kazi moja ununue wote kwa mara moja kutoka bunda moja, maana rangi ya bluu ya bunda jingine inaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo ikitokea kati ya kifua na mkono, mzazi atalikataa sweta na atakuwa na haki.

Mama wa Uyole

Nashukuru sana. Vipi kuhusu kununua mashine ya kufumia?

Fundi Sweta Makambako

Usinunue sasa, mdogo wangu. Mashine inataka mikono yote miwili na umakini mfululizo. Ikusubiri hadi mdogo aanze shule na oda zikuzidi mikono.

Mwanakikundi Mafinga

Kuhusu mkopo, nakusihi usiguse kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Marejesho yake ya kila siku au kila wiki huanza kabla hujauza hata sweta moja, na wakija kudai watabeba godoro wanalolalia watoto. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake. Onana na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akueleze masharti ya kuunda na kusajili kikundi. Hata hivyo, kwa kazi ya sindano na uzi, akiba yako inatosha kuanza bila deni lolote.

Mama wa Uyole

Nimewaelewa, wakubwa zangu. Nitaanza na seti za wachanga, nitumie sehemu ndogo tu ya akiba kwa uzi, na fedha zilizobaki nizihifadhi. Je, niuzie wapi bila kukaa sokoni?

Mfugaji Iringa

Wale uliokuwa unauza nao mtumba Mwanjelwa bado wapo. Chagua mmoja unayemwamini, mpe seti chache kwa mali kauli (auze kwanza, akulipe baadaye), mkubaliane bei yako na siku ya kupokea fedha, na usimwongezee mzigo mpya kabla hajakulipa wa mwanzo.