"Sultry": joto la jua, la hewa, au la mahaba?

mfasiri_chipukizi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Natafsiri riwaya fupi ya Kiingereza na neno "sultry" limenikwamisha. Mwandishi kalitumia mara mbili katika sura moja. Mwanzoni jioni ni "sultry", watu wamekaa barazani hawana hata hamu ya kuzungumza. Kurasa chache mbele mwimbaji anapanda jukwaani, na sauti yake nayo ni "sultry".

Kamusi niliyonayo inanipa "-enye joto kali" halafu inanyamaza. Lakini jua limeshazama katika hadithi, hakuna kinachochoma. Na sauti yenye joto kali ni kitu gani?

Naomba kujua: neno hili linatofautianaje na "sweltering", "muggy" na "scorching"? Na je, nihangaike kutafuta neno moja la Kiswahili libebe jioni na sauti kwa pamoja? Nahisi mwandishi kalirudia kwa makusudi, na sitaki msomaji wangu apunjwe.

mwalimu_wa_lugha

Mwanangu, jibu umeshalianza mwenyewe uliposema jua limezama. "Sultry" ni joto la hewa. Mawingu yametanda, upepo umekata, unyevu umejaa, jasho linakutoka na halikauki. Linaweza kukukuta saa nane za usiku. Katika masimulizi ya Kiingereza mara nyingi linatangulia mvua ya radi, kwa hiyo angalia kama kuna ngurumo inayokuja katika sura hiyo au inayofuata. Waandishi hupenda kuitega hivyo.

Kiswahili kina neno lake tayari: fukuto. Inaniuma kila ninapoona tafsiri inalipita na kukimbilia "joto kali", kana kwamba lugha yetu ina joto la aina moja tu. Fukuto ni joto la mahali pasipopita hewa, na liko karibu na kitenzi "fukuta", kuwaka ndani kwa ndani bila ndimi za moto kuonekana. Andika "jioni ilikuwa na fukuto" na msomaji atajifungua kifungo cha shati bila kuambiwa.

Sasa hao ndugu zake. "Sweltering" ni wa damu kabisa. Shina lake ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, "sweltan", kilichomaanisha kufa. Polepole makali yakapungua: kufa kukawa kuzimia, kuzimia kukawa kuzidiwa na joto. Kwenye ukoo huohuo kulikuwa na kitenzi "sulter", ambacho siku hizi hakitumiki tena, na hicho ndicho kilichozaa "sultry" mwishoni mwa karne ya 16. Katika Hamlet ya Shakespeare limo, na linahusu hali ya hewa tu: Hamlet anamwambia mtu wa ikulu kuwa kuna baridi, yule anakubali; mara anamwambia kuna joto la fukuto, anakubali tena. Mahaba yamelipanda neno hili baadaye.

Ila katika matumizi ndugu hawa wawili wameachana. "Swelter" humtazama anayeteseka. Abiria waliobanana ndani ya treni wana-"swelter", na mpishi mbele ya jiko vilevile. Hapo Kiswahili kinataka kitenzi: walitota jasho, walizidiwa na joto, walitweta. "Sultry" huitazama hewa yenyewe. Kwa sababu hiyo huwezi kusema kwa Kiingereza "I am sultry" ukimaanisha unasikia joto. Utakuwa umesema una mvuto wa kimapenzi.

"Muggy" ni la mazungumzo ya kila siku, la unyevunyevu unaonata mwilini, na joto lake si lazima liwe kubwa. "Scorching" ndilo jua lenyewe, la kuunguza. Kwa hilo "jua kali" ni sawa kabisa. Jirani yake ni "torrid", kutoka Kilatini cha kukausha kwa moto. Ukanda ulio kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni uliitwa "torrid zone", na Aristotle aliamini kwamba haukaliki kwa joto. Nalo "torrid" limeishia kwenye mapenzi, lakini mapenzi ya moto unaolipuka. Ya "sultry" hayana haraka.

mpima_hewa

Shikamoo mwalimu. Niongezee upande wa kazi yangu, kwa sababu tofauti hiyo ya jua na hewa tunaiona kwenye vipimo.

Mwili hujipoza pale jasho linapogeuka mvuke. Linalochuruzika tu halikupozi. Hewa ikishashiba unyevu haipokei mvuke mwingi zaidi, jasho linabaki juu ya ngozi na joto linabaki mwilini. Kwa kipimo cha joto la kuhisiwa kinachotumika Marekani, nyuzi 32 za Selsiasi zenye unyevuanga wa asilimia 40 mwili unazihisi kama 33 hivi. Nyuzi hizohizo 32 zenye asilimia 70 unazihisi kama 41. Kipimajoto hakijasogea, na kivuli ni kilekile.

Na jua kuzama hakusaidii sana. Usiku wenye mawingu na mvuke mwingi, joto linalopanda kutoka ardhini linazuiwa na kurudishwa chini, ndiyo maana jioni ya riwaya yako inawezekana kabisa.

Hiyo "sweltan" ya kufa imenigusa. Kuna kipimajoto ambacho ncha yake huviringishwa kitambaa kilicholowa maji, ili kisome joto na unyevu kwa pamoja. Kikisoma nyuzi 35 na kukaa hapo kwa saa kadhaa, kinadharia hata mtu mwenye afya njema, ameketi kivulini na maji anayo, hawezi tena kuupoza mwili wake. Kwa hiyo tafadhali watafsiri msilichukulie joto la namna hii kama pambo la mandhari. Fukuto linaua, na mara nyingi linaua watu wakiwa ndani ya nyumba.

dada_kalamu

Kwenye hewa naafikiana na mwalimu. Kwenye sauti naomba tusikimbie. Kiingereza kimelichosha "sultry" kwa kuwabandika wanawake, hasa waimbaji na waigizaji: macho "sultry", midomo "sultry", sauti "sultry". Mwanamume haitwi hivyo mara nyingi. Mfasiri akiandika "sauti ya kuamsha ashiki" anaweza kumvua nguo mwimbaji ambaye pengine mwandishi alimpa sauti nzito tu, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo. Nani anamsikiliza katika sura hiyo? Kama ni mtu anayemtamani, sawa. Kama ni msimulizi wa pembeni, andika kinachosikika. Kwa macho Kiswahili kina "macho malegevu", hilo sina shaka nalo. Kwa sauti, "sauti ya mahaba" ndiyo mwisho wangu.

mfasiri_chipukizi

Dada, anayemsikiliza ni kijana ambaye hajawahi kupenda, na ndiye aliyekuwa amekaa barazani kwenye lile joto. Na mwalimu, nimerudi kuangalia: mvua ya radi inanyesha mwisho wa sura! Asanteni sana. Mpima hewa, sikujua kabisa kama mawingu yanalirudisha joto usiku.

Nimejaribu hivi: "Jioni ilikuwa na fukuto, hata jani halikutikisika." Kisha jukwaani: "Sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu, yenye fukuto la mahaba." Mnaonaje?

mwalimu_wa_lugha

Dada kalamu ana haki, na swali lake la nani anasikiliza ndilo limekufungulia njia. Kwa kuwa ni kijana yule aliyekaa barazani, mwangwi wa fukuto una kazi. Sentensi ya kwanza usiiguse.

Ya pili ina nomino nyingi, na "fukuto la mahaba" linanuka gazeti. Tumia kitenzi, tena ukiondoe kwenye sauti ukiweke kwa msikilizaji. Watu husema moyo unafukuta, kwa hasira, kwa wivu, na kwa mapenzi pia. "Sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu, na kijana akahisi kifua kikimfukuta." Neno "mahaba" halimo, na hakuna atakayelikosa. Mwimbaji naye kabaki na heshima yake.

dada_kalamu

Hiyo naikubali. Weka "kinamfukuta" badala ya "kikimfukuta", mwendo wake ni mzuri zaidi ukiisoma kwa sauti.