Tupeane uzoefu: mliofika mahekalu ya Chennai na kandokando yake, ilikuwaje?

Tangamano
Wadau, juzi tulikuwa msibani huku Tanga. Mwoshaji alipofungua kipakiti cha karafumaiti wenzangu walianza kulia upya. Mimi akili ilinitoka pale ikaruka hadi Chennai, kusini mwa India, mtaa wa Mylapore, mbele ya hekalu la Kapaleeshwarar. Kule karafumaiti haingoji maiti. Wanaiwasha kwenye kisahani, watu wanapitisha viganja juu ya moto kisha wanavipeleka usoni.

Nilikuwa nimempeleka baba kupasuliwa moyo. Zimebaki siku mbili, tukasema tutoke kidogo tupunge upepo. Alipoinusa tu akanishika mkono: "Mwanangu, harufu hii inatafuta nini hapa? Turudi." Tukarudi na bajaji ileile. Hakusema neno mpaka asubuhi. Alhamdulillahi, baba yupo na anatembea mwenyewe kwenda msikitini, ila ukimya wake ndani ya ile bajaji bado ninao.

Nani mwingine amefika? Mjini, Kanchipuram, Mahabalipuram, Tirupati, popote. Najua humu tuliopita Greams Road, ule mtaa wa hospitali, ni wengi.

Kaka wa Ngarenaro
Greams Road! Gesti ya ghorofa nne, lifti hakuna, mgonjwa mgongoni. Hiyo tutaifungulia mada yake.

Mimi la kwangu ni jua. Ilikuwa mwezi wa tano, na mwezi wa tano wa Chennai si wa mchezo. Hakuna aliyeniambia kwamba mahekalu mengi ya Kitamili yanafungwa mchana, kuanzia kama saa sita hadi saa kumi jioni, maana mungu wao naye anapumzika. Nikaingia uani saa tano na nusu, nikawa nashangaa gopuramu, ule mnara wa langoni uliojaa masanamu ya rangi kuanzia chini hadi juu. Kuja kutahamaki watu wanatoka, milango inafungwa, na viatu nimeviacha upande wa pili wa uwanja. Jiwe lile lilikuwa limekula jua tangu asubuhi. Nilifika nusu ya njia nikashindwa, nikabaki nasimama mguu huu, nasimama mguu ule. Mzee mmoja akavua taulo lake begani, akalitandika chini, akaniashiria nikanyage. Nikakanyaga. Yeye akabaki peku pembeni yangu mpaka mtoto mmoja alipoleta viatu vyangu.

Malengelenge yalikaa wiki. Mahekalu mengine hutandika mikeka ya usumba njiani. Mkiiona, msitoke juu yake.

Mjukuu wa Nyamwaga
Hapo kwenye jiwe la moto umenigusa. Tuko wengi.

Msomi 97
Mimi nilikuwa mwanafunzi kule, na mwaka 2019 nilishuhudia jambo ambalo wenzangu wa Kihindi wenyewe walikuwa wanaliona kwa mara ya kwanza. Kanchipuram, kama kilomita 75 kutoka Chennai, kuna hekalu la Varadharaja Perumal. Ndani ya bwawa lake wamelaza sanamu ya mungu wao Vishnu, ya mti wa mtini, wanaiita Athi Varadar, na wanaitoa majini mara moja kila miaka 40. Walioiona kabla yetu waliiona 1979. Ikitolewa inakaa siku 48, kwanza imelazwa, baadaye inasimamishwa, halafu inarudishwa chini ya maji.

Wenzangu wa bwenini walinichukua. Tulifika saa tisa usiku tukakuta mji mzima ni foleni. Bibi wa mwenzangu, zaidi ya miaka 80, alikuwa anasema aliiona ile ya 1979 akiwa na mimba ya mwanawe wa mwisho. Mimi sikuingia, si dini yangu na sikutaka kuchukua nafasi ya mtu. Nilikaa nje na mabegi yao. Walipotoka mchana, yule bibi alinishika kidevu akalia. Akasema kwa Kitamili, mwenzangu akanitafsiria: hii ndiyo ya mwisho kwangu, 2059 wewe utakuja kuniambia ilikuwaje.

Mlinzi wa Imani
Samahani jamani, nauliza kwa upole. Mwislamu au Mkristo anatafuta nini kwenye nyumba ya masanamu? Mnampeleka mgonjwa kwa madaktari au kwa mizimu?

Shangazi Rehema
Mlinzi, ungekaa miezi minne kwenye chumba cha futi kumi na mgonjwa anayekohoa usiku kucha, ungekwenda popote penye kivuli na watu. Hakuna aliyesujudu hapa. Mimi Ijumaa nilikuwa naswali Thousand Lights, ule msikiti wa karibu na Greams Road. Mwenzangu Mkatoliki Jumapili alikwenda San Thome, kanisa linaloaminika kujengwa juu ya kaburi la Mtume Tomaso. Jioni sote wawili tulikaa kwenye ngazi za bwawa la Mylapore tukitazama bata. Wenyeji walitusimulia kwamba ardhi ya bwawa hilo ilitolewa na Nawab wa Arcot, mtawala wa zamani wa huko, naye alikuwa Mwislamu.

Mlinzi wa Imani
Kukaa kwenye ngazi sina neno nako. Nasemea wanaopakwa yale mavumbi kwenye paji la uso.

Mvita Kizazi cha Nne
Ngoja niingie hapa, maana mimi ni Mhindu mwenyewe, mzaliwa wa Mombasa, kwetu tunasema Kigujarati na Kiswahili. Ndugu yangu Mlinzi, hayo mavumbi ni majivu, vibhuti, na maana yake utaielewa kuliko unavyodhani: mwili huu mwisho wake ni majivu. Nyie mnasema udongo. Na tunapokwenda mbele ya sanamu tunakwenda kupata darshani, yaani kumwona mungu na yeye akuone. Kuonwa ndiko tunakofuata.

Hata mimi Chennai nilikuwa mgeni kama nyinyi. Mahekalu yetu Mombasa ni ya marumaru nyeupe, kimya. Kule ngoma, zumari ndefu, mafuta ya taa za ibada yameganda kwenye nguzo. Kuhani akaniuliza nyota yangu ya kuzaliwa ili anisomee dua kwa jina langu, na mimi Kitamili sijui hata neno la kuombea maji.

Kwa wageni wasio Wahindu, utaratibu ni huu: ingieni uani, zungukeni kufuata mwendo wa saa, lakini mkifika kwenye mlingoti wa bendera, kodimaramu, hapo ndipo mwisho wenu. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Madras, tawi la Madurai, iliagiza vibao viwekwe vya kusema hivyo. Mkizuiwa msione mmetukanwa. Kuna nyumba ina sebule na ina chumba cha ndani.

Mlinzi wa Imani
Nimekuelewa ndugu wa Mvita. Ahsante kwa adabu yako.

Mkunazini
Nimesoma hapo juu "ngazi za bwawa la Mylapore" mikono ikaanza kutetemeka. Naomba niseme, sijawahi kulisema hadharani.

Nilimpeleka mama, miaka 61, kutoka Unguja, kwa macho. Jicho moja likafanyiwa kazi, likafungwa kwa kitambaa cheupe, tukaambiwa tukae wiki moja kabla ya kurudi kuangaliwa. Siku ya nne akasema amechoka kutazama ukuta kwa jicho moja. Mwenye gesti akasema Mylapore kuna sherehe, nendeni. Hakutuambia ni sherehe gani. Kumbe ni ile ya mwezi wa Panguni, kati ya Machi na Aprili, na tulikwenda siku ya nane, Arubathimoovar, ambayo sanamu za shaba za mawalii wao 63 hupakiwa kwenye machela na kuzungushwa mitaa minne ya kulizunguka hekalu. Sijapata kuona watu namna ile, hata Mwaka Kogwa wa Makunduchi sifananishi.

Nikamweka mama kwenye kivuli cha duka la vyombo vya shaba. Nikamwambia, mama, kaa hapa, nakwenda kununua maji, dakika mbili. Maji nilipata. Nilipogeuka machela zilikuwa zimefika na njia imefungwa kwa watu. Nikasukumwa upande mwingine kabisa. Nilipofika tena dukani, mama hayupo.

Laini yake ya simu ni ya nyumbani, haishiki. Kihindi hajui, Kiingereza hajui, Kitamili ndiyo kabisa. Jicho moja limefungwa. Nilipiga kelele "Mama!" na katika ule umati kila mwanamke wa makamo aligeuka, maana neno lao ni karibu na letu. Askari mmoja mwanamke alinichukua hadi kwenye kibanda wakamtangaza kwa kipaza sauti. Jina la mama yangu lilitoka kwa lafudhi ya Kitamili, hata mimi mwanawe nusura nisilitambue, yeye angelitambuaje? Saa moja. Saa mbili. Magharibi ikaingia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayomwambia kaka yangu, na maneno yalikuwa hayapangiki.

Ndipo msichana mmoja muuza maua, umri wa miaka kumi hivi, akaja kunivuta mkono. Hakusema kitu. Alifunika jicho lake moja kwa kiganja, akanitazama kwa lile jingine.

Nilimfuata mbio. Vichochoro viwili, baraza la nyumba ya zamani, ambapo siku ile watu walikuwa wanagawa mtindi mwepesi wa tangawizi na kotimiri bure kwa wapita njia. Mama amekaa kitako kwenye mkeka, bilauri mkononi, ameshakunywa ya tatu. Wanawake watano wamemzunguka. Wamempachika kigwe cha asumini juu ya mtandio, kama bibi harusi wa Mji Mkongwe. Anawasimulia kwa Kiswahili habari za mashamba ya karafuu na wao wanaitikia kwa Kitamili, na hakuna aliyeonekana kupungukiwa na kitu.

Nilianguka mapajani pake. Akanigombeza kwa nini nimechelewa na maji. Baadaye, kwenye bajaji, nikamuuliza, hukuogopa? Akasema: "Niliogopa mpaka waliponiita amma. Nikajua nimefika kwa watu."

Kaka wa Ngarenaro
Nimesoma nikiwa kwenye daladala. Nimeshuka kituo kisicho changu.

Tangamano
Mkunazini, kiganja cha yule mtoto... Mungu amlinde popote alipo.

Mwadilifu
Mimi nitasema ambalo wengine hawasemi. Mgonjwa wa jicho unampelekaje kwenye umati, halafu unamwacha peke yake? Hilo ni kosa kubwa.

Mkunazini
Ni kosa. Nimelibeba miaka sita.

Shangazi Rehema
Mwadilifu, amekwishajihukumu kabla yako. Mwache apumue.

Dada wa Sengerema
Naomba niongeze ya Tirumala, juu milimani Tirupati, kama kilomita 135 kutoka Chennai. Dada yangu alikuwa kwenye matibabu ya saratani na nywele zote zilikuwa zimekwisha. Miezi mitatu hakuvua kitambaa, hata ndani, hata mbele yangu. Muuguzi mmoja Mtelugu akatushauri twende tukaone mlima, gari linapanda kwa kona mpaka tumbo linageuka.

Kule watu wanatoa nywele zao sadaka kwa mungu wao Venkateswara. Wake kwa waume, mabibi, watoto wachanga. Unakutana na mwanamke mwenye sari ya hariri na dhahabu masikioni, kichwa hakina unywele, kimepakwa sandali. Maelfu yao. Wanatembea wanaitikia "Govinda!" na hakuna anayemtazama mwenzake mara mbili.

Hekaluni hatukuingia, asiye Mhindu anatakiwa aandike tamko la imani kwanza, na sisi tusingeandika uongo. Tulikaa kwenye ukuta tunakula ladu tuliyopewa na familia moja. Nikageuka, nikaona dada amekunja kitambaa chake ameweka kwenye pochi. Upepo wa mlimani unampiga kichwani. Alikaa hivyo hadi jua likazama. Alifariki mwaka uliofuata na picha niliyoiweka ukutani ni ya siku ile.

Mjukuu wa Nyamwaga
Pole sana dada. Mungu ampumzishe.

Alhamisi Tunaondoka
Poleni nyote. Mimi ni mgeni kwenye mada hii. Alhamisi naondoka na baba mkwe kwenda Chennai, mgongo. Anataka sana kuona lile hekalu la baharini la Mahabalipuram, alisoma habari zake shuleni. Ni mbali? Viatu mnaweka wapi? Na mkipewa kitu na kuhani mnapokea?

Msomi 97
Kilomita zisizofika 60 kwenda kusini, njia ni tambarare kandokando ya bahari, mgongo hautateseka. Pale ni kumbukumbu ya serikali, hivyo utaingia mpaka ukutani. Sisi wageni tulilipa rupia 600 kila mtu, Mhindi 40. Hekalu ni la Wapallava, ukoo wa wafalme wa kale, karne ya 8, na chumvi imelamba sura za masanamu. Wavuvi watawaambia jinsi bahari ilivyorudi nyuma kabla ya mawimbi ya Desemba 2004 na mawe ya kale yakaonekana chini. Mpeleke alfajiri.

Kaka wa Ngarenaro
Viatu weka kibandani, watakupa tokeni kwa rupia chache. Vaa ndala za bei ndogo.

Shangazi Rehema
Usiweke popote! Vyangu viliondoka na mwenye bahati, nikarudi gesti peku. Tia kwenye mfuko, beba.

Mvita Kizazi cha Nne
Shangazi, mahali pengi hata kwenye mfuko haviruhusiwi. Kibandani ndiyo sahihi. Ukipewa kitu pokea kwa mkono wa kulia, kama nyumbani. Hutaki kula, mpe mwenzako, usitupe chini.

Mlinzi wa Imani
Mimi ningesema asipokee. Ila mzee asafiri salama, nitamwombea.

Mkunazini
Alhamisi, haya ya viatu utajifunza huko huko. La kwangu ni moja. Siku mtakayofika, kabla hamjafungua hata begi, mwombe dada wa mapokezi akuandikie kwenye karatasi, kwa herufi za Kitamili: jina la gesti, mtaa, namba ya simu, na kwamba huyu mzee ni mgonjwa na hasikii lugha yenu. Kisha hiyo karatasi usiiweke mfukoni mwako. Iweke mfukoni mwa mzee.