Mjadala: Miaka yote hii ya misaada, umaskini wa Kigoma na Tabora umepungua au tumeuzoea?

MWENYEJI WA MWANDIGA
Wakuu, salaam kwenu. Tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, lifunge shughuli zake Julai 1, 2025 nimekuwa na swali kichwani, naomba tulijadili bila matusi. Mwaka 2000 dunia iliweka Malengo ya Milenia, la kwanza likiwa kupunguza kwa nusu sehemu ya watu wanaoishi kwenye umaskini uliokithiri ifikapo 2015. Likatimia mapema, 2010. Likaja lengo jingine, kuumaliza kabisa ifikapo 2030. Sasa Marekani imekata, na Uingereza imetangaza kushusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Kwetu huku magharibi, misaada hii ilitusaidia au ilituchelewesha? Mimi nasema ilisaidia, ila nataka kuwasikia.

BANI LA URAMBO
Ilituchelewesha, na ushahidi uko kwetu. 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Walileta matrekta na wataalamu, wenyeji wanaojua udongo na mvua wakawekwa pembeni. 1951 mradi ukafungwa, zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda na maji. Mpaka leo mtu anashuka kwenye gari na mradi aliouandika kwao. Walioukimbia umaskini ni Wachina, karibu watu milioni 800 kwa miaka arobaini, na hawakukaa kumngoja mfadhili.
Na niseme jingine. Sisi wakulima tunapanga mwaka mzima. Ninyi wavuvi wa Ziwa Tanganyika hela mnaiona kila asubuhi. Mvuvi wa Kibirizi anashika laki alfajiri, jioni hana ya chumvi. Hapo mfadhili afanye nini?

MWALIMU KASULU
Bani, karanga za Urambo hazikuwa msaada wa umaskini. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ikaja kuyalima kwetu. Na China ilianza kuchukua mikopo ya Benki ya Dunia 1981. Haikukataa fedha ya nje, ilipanga yenyewe pa kuipeleka. Hapo ndipo pa kujifunza.

MAMA CHANJA
Kaka wa Urambo, ya China nawaachia ninyi mliosoma. Mimi najibu hilo la chumvi.
Siko Kibirizi, niko mwalo mwingine kusini ya hapo, lakini neno lako limenikuta jikoni nikashindwa kuendelea kupika. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukijaa taa haina kazi, mitumbwi inalala ufukweni siku kumi na zaidi. Hiyo laki unayoiona alfajiri toa mafuta ya injini, toa chakula cha majini, toa sehemu ya tajiri mwenye mtumbwi na nyavu, kinachobaki wagawane wanaume wote waliokesha. Kisha hicho hicho kivushe familia mbalamwezi nzima. Na kuna giza ambalo wanatoka usiku saba na kurudi na ndoo moja.
Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Sipingi, ziwa limechoka na sisi tunaliona likichoka. Lakini miezi ile niliuza nyavu za chanja zangu za kuanikia dagaa, nikauza cherehani ya marehemu mama. Pombe siijui hata ladha yake. Sasa niambie ni wapi nilikosea kupanga.

BANI LA URAMBO
Mama, sikukutaja wewe. Nimesema wavuvi.

MAMA CHANJA
Mume wangu ni mvuvi. Kaka zangu wawili ni wavuvi. Umemtaja nani basi?

KIJANA WA KATUBUKA
Mama shikamoo. Kwa heshima zote, tusifichane. Mwaloni kuna watu hela haifiki nyumbani, tunawajua kwa majina. Ndiyo maana mimi napinga hizi hela za kugawa mkononi. Mpe mtu nyavu, mpe mzinga wa nyuki, mpe cherehani. Ukimpa noti umempa baa.

MAMA CHANJA
Marahaba mwanangu. Watu hao wapo. Na Katubuka wenye mishahara wanaomalizia baa hawapo? Mbona hakuna anayesema walipwe kwa magunia ya unga?

DEREVA WA LORI, TABORA–KIGOMA
Hapo mama amepigilia msumari.

MWALIMU KASULU
Kijana, hilo la baa limechunguzwa, tusilijadili kama ndiyo kwanza limezaliwa leo. 2014 wachumi wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za nchi nyingi, Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kuangalia kama maskini akipewa fedha anaongeza pombe na sigara. Kwa jumla hawakuona ongezeko, na mahali pengine matumizi hayo yalipungua. Hapa kwetu walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wamepewa masharti ya watoto kwenda shule na kliniki. Kuna mlengwa jirani yangu alianza na kuku watatu, sasa ana mbuzi na mtoto yuko kidato cha pili. Sisemi wote wako hivyo. Nasema usimhukumu mtu kwa noti ambayo hajaishika.

KIJANA WA KATUBUKA
Tafiti za Benki ya Dunia zinazoisifu kazi ya Benki ya Dunia. Sawa.

MNYAMWEZI WA UYUI
Nilikuwa nasoma kimya, ila hili la nyavu na mizinga linanihusu. Kijana, vitu nasi tumepewa. Kuna mradi mmoja, jina nalihifadhi, ulileta mizinga ya kisasa kijijini kwetu. Mizinga mizuri kweli. Warina asali wetu waliotundika mizinga ya magome tangu babu zao hawakuulizwa nyuki wanapenda mti upi, miezi ipi. Ikatundikwa karibu na barabara ili wageni waione kwenye gari. Nyuki hawakuingia. Leo miwili inatunza nafaka nyumbani kwa shangazi yangu. Ungempa shangazi hela ya mizinga ile angenunua jembe la ng'ombe.
Lakini Bani naye asijifanye Tabora hatukuambulia kitu. Mbola iko wilayani kwangu. Ni moja ya Vijiji vya Milenia, mradi wa mchumi wa Marekani Profesa Jeffrey Sachs katika nchi kumi za Afrika, Mbola ikaanza 2006 na mradi ukaisha 2015. Mbolea, mbegu bora, vyandarua, zahanati. Nilikuwa kijana mdogo, nakumbuka ghala la mahindi likijaa mpaka baba anatafuta pa kulala. Malaria ikapungua machoni petu. Mtu asiniambie ile ilinichelewesha.

BANI LA URAMBO
Na baada ya 2015? Tathmini yenyewe ya mradi ilitoka 2018, mwalimu atanisahihisha. Umaskini wa kipato haukuonyesha tofauti ya maana na vijiji ambavyo havikuguswa.

MWALIMU KASULU
Umeshika nusu. Walipima mambo 40, na 30 yalikuwa bora kwenye vijiji vya mradi, hasa kilimo na afya. Mali za kaya nazo ziliongezeka. Matumizi ya kaya, ambacho ndicho kipimo cha umaskini wa kipato, ndiyo hayakuonyesha tofauti ya kuaminika. Na malengo waliyojiwekea walitimiza kama theluthi moja. Kwa hiyo wewe na Mnyamwezi mnasema kweli wote wawili, mnapimia mizani tofauti.

MUUGUZI NZEGA
Nami nina mizani yangu. Nilianza kazi kabla dawa za kufubaza VVU hazijafika kwetu. Watu walikuwa wanaletwa kwa baiskeli, wamefungwa kwa kanga wasianguke, na sisi tulikuwa na panadoli na maneno ya faraja. Mpango wa Marekani wa UKIMWI ulianza 2003, Tanzania ikiwa kwenye nchi za mwanzo. Wagonjwa ambao tungewazika wanalima, wanaoza mabinti. Wengine bado ni maskini. Ningepimaje hilo kwa dola kwa siku? Januari 2025 misaada iliposimamishwa kwa siku 90, wagonjwa walinijia na swali moja tu, dawa zitakuwepo mwezi ujao? Sikuwa na jibu. Anayesema misaada inalemaza aje akae kwenye kiti changu asubuhi moja.

BANI LA URAMBO
Dada muuguzi, mimi mwenyewe nimezika ndugu wawili miaka ile. Sina neno na dawa. Naongelea uchumi.

DEREVA WA LORI, TABORA–KIGOMA
Maji ya Ziwa Victoria kufika Tabora, Nzega na Igunga je? Yale si msaada, ni mkopo kutoka Benki ya Exim ya India, tutaulipa. Nami nakubali kulipa. Mke wangu alikuwa anaamka saa tisa usiku kupanga foleni ya ndoo. Sasa analala.

MPITA NJIA WA STESHENI
Tunabishana kuhusu umaskini, na hawa wanaouhesabu wanasogeza mstari wa umaskini wapendavyo. Ilikuwa dola moja. Leo dola tatu. Dola tatu ni zaidi ya shilingi 7,000! Nani Ujiji anakula 7,000 kwa siku, mtu mmoja? Basi wote ni fukara.

MWALIMU KASULU
Dola moja ilikuwa 1990. Ikawa 1.25 mwaka 2008, 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022, na Juni 2025 ikawa 3. Si dola ya duka la kubadilishia fedha. Wanaangalia bei za kila nchi: kiasi ambacho kwa bei za kwetu kinanunua kile ambacho dola tatu zingenunua Marekani mwaka 2021. Kwa shilingi ni pungufu sana ya hizo 7,000. Mstari wa taifa letu ni mwingine. Mwaka 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake, kutoka 28.2 mwaka 2011/12.

MPITA NJIA WA STESHENI
Kwa hiyo Juni 2025 zaidi ya watu milioni 100 duniani waliamka fukara, na jana yake hawakuwa. Mstari umewapata wamelala.

MAMA CHANJA
Mwalimu, hiyo 49,320 ya mwezi ni mwezi upi? Ukija kuniuliza wakati wa giza zuri, mimi si maskini. Njoo mwezi umejaa, au njoo Julai ile ya 2024, unaniandika fukara. Mimi ni yule yule na nyumba ni ile ile.
Na kaka yangu wa Urambo hajaniambia bado. Wewe unayepanga mwaka, tumbaku unalipwa mara moja baada ya soko. Januari unakula nini?

BANI LA URAMBO
Mama umenibana, sitakimbia. Januari nakopa. Mbolea nimekopa kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, na mahindi ya watoto nakopa kwa watu binafsi, hii mikopo ya kausha damu. Soko likifunguliwa nusu ya jasho si langu. Mwaka jana bani moja, banda la kukaushia tumbaku, liliungua na majani ndani, deni likabaki. Neno la chumvi nalifuta. Nilisema nikiwa na machungu yangu mengine.

MAMA CHANJA
Nimepokea.

MWENYEJI WA MWANDIGA
Wakuu turudi kwenye mada. Misaada imesaidia au imechelewesha?

MWALIMU KASULU
Mwenyeji, naona mada imehamia pazuri zaidi. Mama Chanja na Bani wote wana miezi ya kujulikana ambayo fedha haipo. Brazil wanao utaratibu wa kisheria: uvuvi ukifungwa kwa ajili ya kuzaliana samaki, mvuvi mdogo analipwa kima cha chini cha mshahara kila mwezi mpaka ufunguliwe. Fedha inatoka serikalini kwao, si kwa mfadhili. Kuna malalamiko ya majina hewa, hilo lipo. Lakini anayezuiwa kuvua hauzi cherehani ya mama yake. Ziwa Tanganyika lina nchi nne, zilikubaliana kulifunga pamoja. Kwa nini zisikubaliane na hili? Kama kuna fedha ya dunia iliyobaki, ningeipeleka hapo kabla ya semina yoyote.

KIJANA WA KATUBUKA
Majina hewa yatajaa siku ya kwanza. Matajiri wa mitumbwi wataandikisha watoto wao wanaosoma Dar.

MAMA CHANJA
Ndiyo maana majina yaandikwe mwaloni saa kumi na moja jioni, mitumbwi ikitoka. Anayepanda, anaandikwa. Pale hakuna mtoto wa Dar.

BANI LA URAMBO
Nauliza kwa nia njema, mama. Na ninyi wa chanja mtaandikwa? Hampandi mtumbwi. Kwetu jina lililoko AMCOS ni langu, ila anayechuma majani na kuyafunga usiku kucha ni mke wangu. Siku malipo ya hasara yakija, yatakuja kwa jina langu.

MAMA CHANJA
Hatutaandikwa. Kwenye daftari la mwalo wetu simo, na nimeanika dagaa miaka kumi na tisa. Hilo ulilouliza ndilo niliumwa nalo miezi ile mitatu, sikujua namna ya kulisema. Mwalimu, ukipata nafasi tuandikie barua, nitakupa majina ya wanawake wote wa chanja za huku, tuko wengi. Ila si leo. Mbalamwezi imekwisha, mitumbwi inatoka usiku huu, nakwenda kufagia mchanga.