Je, mtaalamu wa wadudu asiye mwanaprogramu aombe nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu?

Mkusanya_Mbu (Kasarani, Nairobi)

Hamjambo nyote. Nilitetea tasnifu yangu ya uzamivu miezi minne iliyopita, na mada yangu ilikuwa usugu wa mbu wa Anofelesi dhidi ya dawa zinazotiwa kwenye vyandarua. Sehemu kubwa ya kazi niliifanya uwandani: nimeingia vyumbani mwa watu alfajiri huko Ahero na Kilifi, nikawafyonza mbu ukutani kwa mrija kabla wenye nyumba hawajafungua madirisha, kisha nikamtia kila mbu katika kichupa chake chenye punje za silika ili akauke bila kuoza. Maabarani nimefanya PCR (kipimo cha kunakili kipande cha DNA ili kukitambua) hadi nimechoka. Upande wa kompyuta, natumia programu ya R kwa takwimu za kawaida, na lugha ya programu ya Python nimeisoma kwa wiki mbili tu katika mafunzo mafupi.

Sasa nimeona tangazo la maabara moja ya Ujerumani inayomtafuta mtafiti wa baada ya uzamivu katika biolojia ya mageuko ya wadudu, kazi ambayo karibu yote ni ya kompyuta. Mtafiti huyo atalinganisha jenomu (DNA yote ya kiumbe) za spishi nyingi ili kuonyesha jinsi familia za jeni zinazovunja sumu mwilini, hasa zile za P450, zilivyoongezeka katika koo fulani na kupotea katika nyingine. Mada hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi tangu nianze uzamivu, lakini tangazo linadai "uzoefu thabiti" wa kuandika programu. Zimesalia wiki tano. Je, niombe, na nikiomba, nijieleze vipi bila kusema uongo?

Jenomu_na_Chai

Daktari, hongera kwa kumaliza. Omba, ila usiandike barua ya mtu anayeomba kufundishwa. Nimewahi kukaa katika kamati ya kuchagua watafiti wa aina hii, na barua zilizotuchosha zaidi ni zile zilizotaja lugha sita za programu na vyeti kumi vya mafunzo ya mtandaoni, huku mwombaji akishindwa kueleza swali lake ni lipi.

Wewe una kitu ambacho mwanaprogramu hana. Chukua mfano wa Kilifi uliyoitaja. Mwaka 2017 mradi wa Ag1000G, unaosoma jenomu za mbu wa Anofelesi wa Afrika, ulichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa jenomu za mbu 765 kutoka nchi 8 za Afrika, na mbu wa pwani ya Kenya wakaonekana tofauti na wengine: jenomu zao zina vipande virefu ambamo nakala ya mama na ya baba zinafanana kabisa, dalili ya idadi yao kupungua mno katika siku za karibuni. Mtu aliyekaa mbele ya skrini maisha yake yote atakimbilia kuandika kwamba vyandarua vimewamaliza. Wewe utauliza kwanza mbu hao walikusanywaje, kwa sababu unajua kwamba ukichota viluwiluwi katika dimbwi moja la kwato za ng'ombe unaweza kuwa umechota ndugu wa tumbo moja, na ndugu wakiingia katika hesabu kama wageni wasiojuana, makadirio yote ya ukubwa wa idadi ya mbu yanapotoka. Programu haiwezi kukuuliza swali hilo.

Hali ni hiyo hiyo katika kuchora mti wa nasaba. Mbu wa Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hakuna anayeweza kuwatofautisha kwa macho, na unajua ni kwa nini kila mguu wa mbu ulibidi upitie PCR. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba spishi za kundi hilo zimebadilishana jeni kiasi kwamba sehemu kubwa ya jenomu inachora mti usio wa kweli, na historia ya jinsi spishi zilivyotengana imebaki wazi zaidi kwenye kromosomu ya X. Anayejua hayo hatafurahia mti wa kwanza utakaotoka kwenye kompyuta, hata ukiwa mzuri kiasi gani.

Kwa hiyo, wiki hizi tano usizimalize kwenye mafunzo. Fanya uchambuzi mmoja mdogo na uumalize. Data za mbu za MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa jenomu za malaria, zimewekwa wazi, kuna kifurushi cha Python kiitwacho malariagen_data, na kinafanya kazi ndani ya Google Colab, hivyo hata kompyuta yako ikiwa ya zamani, hesabu zinafanyika kwenye seva za mbali. Chagua jeni moja ya P450, angalia idadi ya nakala zake katika mbu wa maeneo mawili, chora mchoro mmoja, kisha weka misimbo yako mahali ambapo msimamizi anaweza kuifungua. Katika barua, aya ya kwanza iwe swali lako, ya pili iwe uchambuzi huo, na ya tatu iseme waziwazi kwamba Python yako ni changa. Ukweli huo hautakuumiza ukitanguliwa na kazi.

Mzee_wa_Chiromo

Nakubaliana na mwenzangu kwa sehemu tu. Wiki tano ni chache, na kamati itakuwa na waombaji ambao wameandika programu tangu shahada ya kwanza. Isitoshe, jenomu za wadudu hazilingani hata kidogo: ya mbu wa gambiae ina jozi za besi (herufi za DNA) zisizofika milioni 300, ilhali ya nzige wa jangwani inazidi bilioni 8, kubwa kuliko ya binadamu. Aliyezoea faili za mbu atashtuka siku ya kwanza atakapokabidhiwa nzige. Ushauri wangu ni kwamba utafute kwanza mwaka mmoja hapa Nairobi, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe au kwingineko, ukae na watu wa bioinfomatiki, yaani wanaochambua data za biolojia kwa kompyuta.

Jenomu_na_Chai

Mzee wangu, hilo la nzige ni kweli tupu, nami nimewahi kujaza diski ya seva nzima usiku mmoja kwa uzembe wa aina hiyo. Lakini kuomba hakumzuii kutafuta nafasi ya hapa. Afanye yote mawili.

Sindano_na_Kibandiko

Dada au kaka, mimi naongezea mambo ya mkataba, kwa kuwa yaliniponza. Uliza mapema kama nafasi hiyo ni ajira au ni posho ya masomo. Ujerumani, mtafiti wa baada ya uzamivu aliyeajiriwa na chuo kikuu cha umma kwa kawaida hulipwa katika daraja la mshahara la E13, na michango ya bima na pensheni inakatwa humo. Posho mara nyingi haina pensheni, na bima ya afya unaweza kujikuta unajilipia mwenyewe. Mimi niliona tarakimu kubwa ya mwezi nikatia saini, nikaja kugundua kwamba nilikuwa napokea pungufu ya mwanafunzi wa uzamivu aliyekaa meza ya pili.

La pili ni sampuli zako. Maabara iliyonialika, ambayo sitaitaja, ilitaka nije na vichupa vyangu "kwa urahisi". Usibebe hata bawa la mbu kabla ya kuwa na vibali. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, peke yake hakikuruhusu kutoa sampuli nchini, na Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, ambayo inataka makubaliano ya maandishi kuhusu nani atafaidika na rasilimali za kijenetiki na kwa namna gani. Andikeni pia, kabla ya kuanza, jina la nani litatangulia katika makala. Nilipouliza jambo hilo baada ya matokeo kutoka, nilionekana mchokozi.

Na usitegemee tangazo moja. Ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie hutolewa kila mwaka na uko wazi kwa watu wa uraia wowote wenye uzamivu, mradi usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 katika miaka 3 iliyotangulia. Kwa mtu ambaye hajatoka Nairobi, sharti hilo si kikwazo. Unaandika pendekezo pamoja na msimamizi, na swali linakuwa lako.

Mkusanya_Mbu

Nawashukuru sana. Mzee, nimeandikia watu wawili wa hapa pia, kama ulivyosema. Usiku wa Jumamosi niliijaribu Colab, mtandao ukakatika mara mbili, lakini kufikia saa saba nilikuwa na jedwali la mbu wa Kilifi. Kabla ya kugusa P450, nilitaka kujipima kwa jambo ninalolijua: badiliko la kdr, linalompa mbu usugu dhidi ya dawa za vyandarua, kwenye jeni ya mfereji wa sodiamu, lile la nafasi ya 1014 ambalo nimelipima kwa PCR mara mamia. Silioni kabisa. Je, nimekosea, au mbu hao hawana?

Jenomu_na_Chai

Hukukosea sana. Namba 1014 imetokana na nzi wa nyumbani, ambaye ndiye aliyetumiwa kuhesabia protini hiyo tangu mwanzo. Katika jenomu ya gambiae nafasi hiyo hiyo ni ya 995. Tafuta L995S (asidi amino ya leusini, L, kugeuka serini, S), ambalo ndilo la Afrika Mashariki, halafu L995F (kugeuka fenilalanini, F). Na tafadhali, kisa hicho kiweke kwenye aya ya pili ya barua yako, pamoja na jedwali.

Mkusanya_Mbu

Nimelipata. L995S ipo.