Msaada wa tasnifu: kwa nini watu wa London ya karne ya 17 walitunza vikaratasi vya nusu peni?

Mtafuta_Sura: Wakuu, heshima kwenu. Sura yangu inahusu machapisho ya bei rahisi ya London: nyimbo za karatasi moja, vijitabu vya habari, almanaka (vijitabu vya kalenda na utabiri wa mwaka), matangazo. Msimamizi ameirudisha na swali: vitu vilivyochapwa visomwe leo vitupwe kesho, kwa nini kuna watu walivikusanya kwa maelfu? "Kupenda historia" amekataa. Nianzie wapi?

Mkutubi_Mkongwe: Usitafute sababu moja ya wote. Chukua mkusanyaji mmoja mmoja, angalia alichoandika kwa mkono juu ya karatasi na alivyozipanga kabla ya kuzijalidi. Mpangilio ndio unaokuambia alitaka nini.

Anza na George Thomason, muuza vitabu. Bunge jipya lilikaa Novemba 1640, mahakama ya Star Chamber iliyosimamia uchapaji kwa niaba ya mfalme ikafutwa Julai 1641, na udhibiti wa wachapaji ukalegea. Vijitabu vikamwagika mitaani. Thomason akakusanya mpaka 1661: zaidi ya vipande 22,000, katika majalada kama 2,000. Hakupanga kwa mada, alipanga kwa tarehe, na juu ya vingi aliandika siku aliyovipata. Mtu anayepanga hivyo anaweka kumbukumbu ya vita vya mfalme na Bunge siku kwa siku, akijua wenzake hawataiweka. Mkusanyiko huo ulinunuliwa kwa ajili ya mfalme George III kwa pauni 300, naye akaupa British Museum mwaka 1762. Leo uko British Library.

Bi_Nyaraka: Linganisha naye Samuel Pepys, ofisa wa serikali na mwandishi wa shajara. Nyimbo zake ni zaidi ya 1,800 katika majalada matano, ziko Magdalene College, Cambridge. Msingi wake ni mkusanyiko wa mwanasheria John Selden, aliyeona kwamba nyimbo na vijembe vya mitaani huonyesha hali ya nyakati kuliko maandishi mazito, kama unyasi uliorushwa juu unavyoonyesha upepo unakoelekea. Pepys aliyanakili maneno hayo mwanzoni mwa jalada la kwanza. Pia aliandika kwamba kufikia 1700 nyimbo za herufi za Kigothi zenye picha zilikuwa zimeachwa, kwa kupunguza gharama, zikashikwa za herufi za kawaida zisizo na picha. Hapo una sababu ya pili: kuokoa umbo linalotoweka. Ndiyo maana alipanga kwa mada, mapenzi kwake, historia kwake.

Angalizo: Pepys alikata karatasi zake ili zienee kwenye kurasa za jalada. Usipime ukubwa wa karatasi ya asili kwa nakala yake.

Mtafuta_Sura: Asanteni sana. Je, nikihesabu vilivyobaki nitajua kilichopendwa zaidi?

Mkutubi_Mkongwe: Hapana, na sura nyingi huharibikia hapo. Miaka ya 1660 almanaka ziliuzwa kama 400,000 kwa mwaka, lakini zilizobaki ni chache mno. Karatasi ilitengenezwa kwa matambara, ilikuwa na thamani hata ikishasomwa: ilifungia tumbaku na viungo, ilitandikwa chini ya mikate ya nyama, ilikwenda chooni. Kilichotumika zaidi ndicho kilichoisha zaidi. Hesabu yako inapima ladha ya mkusanyaji. Soko ni habari nyingine.

Kosa la pili ni tarehe. Mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, kwa hiyo kijitabu cha Januari 1649, mwezi aliouawa mfalme Charles I, kinaweza kuandikwa 1648. Wachapaji nao waliweka mwaka ujao mapema ili bidhaa ionekane mpya. Thomason huukata mwaka huo na kuandika wake. Andika safu tatu kwenye jedwali lako: mwaka uliochapwa, tarehe ya mkono, na mwaka uliosahihishwa. Na tarehe ya mkono ni ya kupata, siyo lazima iwe ya kuchapwa.

Bi_Nyaraka: Kwa sababu ya tatu nenda kwa Anthony Wood wa Oxford na Narcissus Luttrell wa London. Wood alihitaji vikaratasi kama malighafi ya kamusi yake ya wasifu wa waandishi wa Oxford (1691–92); Luttrell alikuwa akiandika kumbukumbu za matukio ya kila siku. Luttrell ni hazina kwako: aliandika tarehe na bei, mara nyingi peni moja, na mahali pengine kwamba amepewa bure. Hiyo bure ni ushahidi kwamba kuna mtu alilipa ili isambazwe.

Usiache upande uliokataa. Mwaka 1612 Thomas Bodley, mwanzilishi wa maktaba ya Bodleian ya Oxford, alimwandikia mkutubi wake asipokee humo almanaka na tamthilia, akiona ni takataka zisizostahili rafu. Vikaratasi vya Wood vilihamishiwa maktaba hiyohiyo mwaka 1860. Weka barua ya Bodley mwanzoni mwa sura, kisha wakusanyaji wanne wafuate. Msimamizi ataona kwamba kutunza kulikuwa uamuzi wa mtu, kinyume na desturi ya maktaba kubwa.

Mkutubi_Mkongwe: Na kwa nyimbo tumia hifadhi ya picha ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ni bure. Chagua miezi mitatu tu ya Thomason, Januari hadi Machi 1649, uisome yote badala ya kuokoteza miaka ishirini.