Tupeane uzoefu: sindano ya mgongo wakati wa leba

Wamama wenzangu habari zenu. Niko wiki ya 34, mtoto wa kwanza, na kila nikitaja epidyuro, hiyo sindano ya mgongo ya kutuliza uchungu, hapa ploti naambiwa mgongo utaniuma hadi uzeeni na mtoto atazaliwa amelegea. Aliyedungwa mwenyewe anieleze tafadhali. Mi niko Umoja.

Mama wa Rongai: Nilidungwa njia ikiwa imefunguka sentimita 5 baada ya masaa 14 ya uchungu, nimetapika hadi nimeishiwa. Kazi ni kukaa umejikunja bila kusonga na uchungu unakuja, nesi alinishika mabega akaniambia mama pumua. Dakika 20 hivi nikabaki nasikia tu tumbo likikaza, nikalala. Presha ilishuka na mapigo ya mtoto yakapungua, wakanigeuza ubavu wakaongeza dripu yakarudi, ndio maana ukidungwa hawafai kukuacha peke yako. Mtoto alilia papo hapo na akashika titi.

Mama wa Kayole: Yangu haikua hivyo. Kusukuma kulichukua karibu masaa 3 juu sikua nasikia vizuri, mwishowe wakamvuta na vakyumu. Lakini kilichonimaliza ni kichwa, siku ya pili nikikaa kunyonyesha kinataka kupasuka, nikilala kinatulia, nikaambiwa ati ni uchovu nikarudishwa nyumbani. Kumbe sindano ilitoboa ile ngozi inayoshika maji ya uti wa mgongo yakawa yanavuja! Daktari mwingine ndiye alitoa damu mkononi mwangu akaidunga palepale mgongoni, kesho yake nikakaa. Si wengi hupata hii, lakini dada ukiipata usikubali kuambiwa ni uchovu.

Mama wa watatu: Wengine wanachanganya na ile ya operesheni, ile hudungwa mara moja na miguu inakufa ganzi kabisa. Hii unaachiwa kamrija kembamba wanaongezea dawa. Mgongo wangu uliniuma hata kwa kifungua mimba na sikudungwa chochote, na hii ya juzi palikua na kidonda siku chache tu.

Mama wa Githurai: Mi nilitaka nikakosa. Daktari wa ganzi alikua mmoja usiku huo na alikua thieta, akitoka nimefika 10. Uliza mapema kama yuko usiku, na kama bili yake iko ndani ya pakeji. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda waambie kliniki.

Asanteni sana, nimelia nikisoma. Kliniki ni Alhamisi, naanza na hilo la usiku.