Acheni kudanganya watu na ovakloki ya laptopu, kadi yangu ya grafiki imekufa na mazabodi (bodi kuu) nzima

Wakuu heshima kwenu, ila leo nina hasira na sifichi. Kila mtu akilalamika gemu linakwamakwama kwenye laptopu yake jibu ni lilelile, piga ovakloki, yaani lazimisha kadi ya grafiki iende kasi kuliko ilivyowekwa kiwandani, pakua MSI Afterburner, programu ya kufanyia hivyo, weka plus 200 megahezi kwenye chipu, plus 1000 kwenye memori, utakuja kunishukuru. Haya nami nikafanya hivyohivyo, hakuna aliyeniuliza mashine inachemka kiasi gani wala kadi imepewa wati ngapi.

Wiki ya kwanza fremu kwa sekunde zikapanda kutoka 62 hadi 66, nikafurahi kweli. Halafu siku moja niko katikati ya gemu naona vidoti vya kijani na zambarau vimetapakaa kwenye skrini kama mtu kamwaga ulezi, nikapuuza, kesho yake ikawa mistari, keshokutwa skrini nyeusi tii, feni zinavuma tu. Fundi kafungua kanionyesha kwa ncha ya bisibisi, chipu ya grafiki hii hapa, imelehemewa kwenye mazabodi na memori zake zimeizunguka palepale. Haichomoki kama ya deskitopu. Ikifa hiyo unatafuta bodi nyingine, basi!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba faida yenyewe ilikuwa hewa. Laptopu nyingi prosesa na kadi zinagawana mabomba yaleyale ya shaba ya kupoza, kadi ikichemka inamchemsha na mwenzake, ikifika nyuzi 87 hivi inaanza kujishusha kasi yenyewe, sasa zile megahezi ulizoongeza zinabaki namba tu. Na umeme je? Kadi kama RTX 3060 ya laptopu, aliyeitengeneza mashine anaweza kuipa wati 60 au akaipa 115, jina ni hilohilo, na kiwango hicho kimefungwa kwenye bayosi ya kadi, programu iliyomo ndani ya kadi yenyewe, ndiyo maana kile kitufe cha wati kwenye Afterburner mara nyingi kimefifia hakisogei. Umeme hauongezeki ila kasi unataka iongezeke, itoke wapi jamani?

Na msiniambie ovakloki ingekuwa na hatari watengenezaji wangezuia. Walishazuia, Februari 2015 Nvidia, wenye chipu hizi, walitoa draiva (programu inayoendesha kadi) iliyofunga ovakloki kwenye kadi za GeForce 900M za laptopu, watu wakapiga kelele mpaka wakatangaza kuirudisha. Mimi nipo upande wa waliopiga kelele, mashine ni yako, lakini mtu aambiwe yote kabla hajagusa, siyo anapewa namba mbili anaachwa ajiunguze.

Mngeniambia nianze na vumbi kwenye feni, nibadilishe pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya chipu, halafu nishushe volti badala ya kuongeza kloki, ningekuwa nacheza sasa hivi. Juzi nimefanya hivyo kwenye laptopu ya mdogo wangu, kwenye karvu, ule mchoro wa volti na kasi ndani ya Afterburner, nikashusha volti kidogokidogo huku najaribu kila hatua, joto limetoka 84 hadi 76 na fremu hazijapungua hata moja.

Kingine, joto nililokuwa naliona mimi lilikuwa la chipu tu, la memori halikuonekana popote, na huko ndiko mlikoniambia niweke plus 1000. Nyie mnaogawa hizo namba, nani ameiendesha mashine yake saa mbili mfululizo na namba hizohizo? Weka picha ya joto na wati hapa tuone.